Tundu la Bafu Si Dirisha

Naomba nafasi katika kurasa za gazeti la Chama chetu, nipate kuwajibu wenzetu wanaosema kwamba kulalamikia upepo unaoingia nyumbani kwa tundu la bafu ni deko la watu waliosoma. Maneno haya husemwa barazani na mikutanoni, tena husemwa kwa kicheko. Mimi sioni la kuchekesha. Ninakaa Rau, chini ya Mlima Kilimanjaro, na kila mwaka ifikapo Juni na Julai nasikia shauri lile lile kwa makarani wenzangu: bafu halikaliki alfajiri, mama haogeshi mtoto mpaka jua lipande, na usiku harufu ya maji machafu hutembea ukumbini kama mgeni asiyebisha hodi. Ukiuliza sababu utaambiwa, "Ni baridi ya mlima," na hapo neno limekwisha. Nami nasema kwamba si baridi yote iliyo ya mlima. Nyingine ni ya fundi, nyingine ni ya mwenye nyumba, na iliyobaki ni yetu sisi tulionyamaza.

Kwanza yafaa tuifahamu nyumba yenyewe. Katika nyumba nyingi zinazopangishwa makarani, sakafu ya bafu ni ya saruji, na pembeni limeachwa tundu. Chini ya tundu hilo bomba limelazwa moja kwa moja, likapenya ukuta, likatokea nyuma ya nyumba, na maji ya kuoga yakaenda migombani. Sina ugomvi na migomba. Kuinywesha maji yaliyokwisha kutumika ni akili njema. Ugomvi wangu ni na lile bomba lililonyooka. Bomba lililonyooka ambalo halikufungwa huku wala huku lina jina moja tu, nalo ni dirisha. Tofauti yake na dirisha la kweli ni kwamba halina ubao, wala kioo, wala pazia, na limewekwa chini, mahali ambapo mtoto husimama uchi akiwa amelowa maji.

Sasa tazameni kazi ya usiku. Jua likizama, hewa iliyogusa miteremko ya mlima hupoa, ikawa nzito, ikatiririka kuja bondeni kama maji yatiririkavyo. Mlima huu una kimo cha mita 5,895, nasi tuko chini yake sana, basi njia ya kushukia hewa hiyo ni ndefu. Ndani ya nyumba mambo huenda kinyume. Hewa iliyopashwa moto na jiko, na taa, na miili ya watu, hupanda juu na kutokea katika nafasi zilizo chini ya bati. Iliyotoka lazima ifuatwe na nyingine, kwa maana nyumba haiwezi kukaa tupu. Basi nyumba huvuta hewa kama mtu avutavyo pumzi, na huivuta kwa tundu lo lote lililo wazi huko chini. Tukifunga madirisha na kuziba nyufa za mlango, twafanya vema. Lakini kama tundu la bafu limeachwa wazi, tumeipa nyumba pua moja tu ya kupumulia, na pua hiyo tumeiingiza katika uchafu.

Nasema uchafu kwa sababu si kila bomba huishia migombani. Mengine huishia katika karo nyuma ya nyumba, na hapo kinachovutwa si hewa ya mlima tena, bali ni pumzi ya karo, yenye harufu ya yai viza. Tena ziko nyumba zilizoungwa na bomba kuu la maji taka la mji wa Moshi, ambalo hupeleka uchafu hata kwenye mabwawa ya Mabogini. Mpangaji wa nyumba ya namna hii, kama bafu lake halina kizuizi, ajue kwamba ameunganishwa na choo cha kila jirani aliye juu yake na chini yake.

Dawa ya jambo hili si ngeni. Mwaka 1775 fundi wa saa mmoja Mskoti, Alexander Cumming, aliyefanya kazi London, alipewa hati ya uvumbuzi kwa choo cha maji ambacho bomba lake lilipindwa mfano wa shingo ya bata. Katika pindo lile maji kidogo hubaki kila mara choo kinapotumiwa. Maji yajayo huyasukuma yaliyotangulia na kukaa mahali pake, lakini hewa haipiti. Mafundi wetu wa bomba huiita trapu. Maji yanayobaki ndani yake yana kina cha inchi mbili au tatu hivi, yaani kiasi cha kikombe kimoja au viwili. Mlango huu hauna bawaba wala komeo. Hujifungua wenyewe maji yanapopita, na hujifunga wenyewe yakiisha kupita. Umri wake umepita miaka 200. Basi fundi anayelaza bomba leo bila ya trapu hawezi kusema kwamba elimu haijamfikia. Ameiacha dukani.

Nimesikia maneno matatu ya kutetea hali hii, nami nitayajibu moja moja.

Neno la kwanza ni hilo la mlima: ati waliozaliwa mlimani hawaogopi baridi, na wazee wetu waliishi bila ya trapu. Ndiyo, waliishi bila ya trapu, kwa sababu hawakuwa na bomba lililoingia ndani ya nyumba. Lakini msiwasingizie wazee kwamba hawakujua kuyaamuru maji. Miteremko ya Kilimanjaro imejaa mifereji iliyochimbwa na Wachagga kwa mikono yao, ikipita kingoni mwa mabonde marefu kwa kipimo cha macho tu. Kila mfereji ulikuwa na wazee wake, na zamu zake, na mahali pa kuufungulia na pa kuufungia. Mtu aliyeacha mfereji wazi usiku, maji yakaharibu shamba la mwenziwe, hakusema, "Ni maji ya mlima." Aliitwa mbele ya wenzake akatozwa. Wazee wale walijua kwamba kitu kinachotiririka, ukikifanyia njia bila ya kukifanyia mlango, umejifanyia hasara. Sisi wajukuu wao, tunaojua kusoma na kuandika, twaipa hewa njia hata kitandani, kisha twaulaumu mlima!

Neno la pili ni hili: "Ziba kwa tambara, yaishe." Hili ndilo neno linalopendwa kuliko yote, maana halina gharama wala halimwudhi mtu. Lakini hebu tuliangalie. Tambara lazima liondolewe kila mtu anapooga na kurudishwa anapokwisha. Katika nyumba ya watu saba ni nani atakayelikumbuka saa kumi na moja ya alfajiri? Likisahauliwa ndani, maji hujaa sakafuni na kulowesha ukuta. Likisahauliwa nje, upepo umerudi. Nalo lenyewe, likiwa limelowa kila siku, huoza, likawa chanzo kipya cha harufu ile ile lililowekwa kuizuia. Jiwe nalo halikai sawasawa juu ya tundu, na mende hupita chini yake. Karani anayelinda nyumba yake kwa tambara ni sawa na mtunza fedha anayefunga sanduku la Serikali kwa uzi, kisha akawaomba wapita njia wasiukate.

Wako pia wanaojiona wajuzi zaidi, nao husema: "Zamani watu walidhani hewa mbaya ndiyo iletayo homa, lakini sasa twajua ni mbu. Basi hewa ya tundu haina madhara." Ni kweli kwamba zamani watu walidhani hivyo, hata jina la malaria maana yake katika Kitaliano ni hewa mbaya, na ni kweli kwamba mwaka 1897 Ronald Ross alikiona kijidudu cha malaria ndani ya mbu. Lakini hoja hii inawageukia wenyewe. Tundu lipitishalo upepo hupitisha na mbu. Mbu wa malaria hupenda maji safi zaidi, lakini yuko mwingine, Culex, anayezaa katika maji machafu ya vyoo na makaro, naye ndiye aenezaye matende katika miji na pwani yetu. Huko Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, waganga waliwapa watu dawa ya matende, na pamoja na hayo walimwaga juu ya maji ya mashimo ya vyoo punje nyepesi nyeupe zinazoelea, zikatanda kama kifuniko hata mbu wasiweze kuzaa. Mbu walipungua sana, na ugonjwa ukarudi nyuma. Kifuniko chenyewe kilikuwa chembamba tu, lakini kilikuwa mahali panapostahili.

Wala si mbu peke yake. Mwezi wa Machi mwaka 2003, katika majumba ya ghorofa yaitwayo Amoy Gardens huko Hong Kong, watu zaidi ya 300 walishikwa na ugonjwa wa mapafu uitwao SARS, na 42 wakafa. Wachunguzi walipotafuta njia iliyopitwa na ugonjwa, walifika kwenye matundu ya sakafu za bafu. Trapu zilikuwapo, lakini zilikuwa zimekauka, kwa kuwa watu walipiga deki kwa tambara wala hawakumwaga maji sakafuni. Feni za kutolea hewa zilipowashwa, zikavuta hewa ya bomba kuingia ndani, na pamoja nayo matone madogo yenye ugonjwa. Majumba yale yalijengwa na wenye elimu na mali, katika mji mkubwa, na yaliangushwa na kukosekana kwa kikombe cha maji. Atakayesema tena kwamba jambo hili ni deko, na awaambie hivyo waliofiwa kule.

Hata tukiacha magonjwa hayo, liko jambo la mtoto mchanga. Mtoto mchanga hupoteza joto la mwili upesi kuliko mtu mzima, na akiwa amelowa hupoteza upesi zaidi. Mama anayemwogesha katika upepo unaopuliza toka sakafuni hafanyi kosa lake mwenyewe. Amewekwa mahali ambapo wema wake haumfai kitu.

Neno la tatu ndilo linalonitia uchungu, kwa sababu hutoka vinywani mwa wenzetu wenyewe: "Karani ni mpita njia. Leo Moshi, kesho Lindi au Bukoba. Nyumba si yako, ya nini kujisumbua?" Waungwana, hivyo ndivyo tufanyavyo afisini? Karani anayehamishwa huacha majalada yake ovyo kwa sababu hatayaona tena? Hapana. Huandika hati ya makabidhiano, akataja kilichopo na kilichopungua, na anayepokea hutia sahihi. Kama twaweza kuhesabu viti na kalamu za afisi, mbona hatuwezi kuhesabu tundu moja la bafu? Ninyi mnaosema ni wapita njia, jueni kwamba nyuma yenu yuko karani mwingine anakuja na watoto wake, naye atakuta tambara lenu tundunini.

Mwenye nyumba mmoja, ambaye simtaji jina, nilipomwonyesha uzi ukipeperuka juu ya tundu la bafu alinijibu: "Karani, ulikuja kupanga nyumba au kupanga upepo?" Alicheka sana. Kodi yake, hata hivyo, aliipokea bila ya kucheka. Namjibu hapa nilivyomjibu siku ile: mpangaji hulipia nyumba nzima, si kuta tatu na bomba wazi. Trapu moja ya sakafuni bei yake haifiki kodi ya mwezi mmoja. Kilicho ghali ni kuivunja sakafu iliyokwisha kumwagwa saruji, na ndiyo sababu yapasa itiwe kabla ya sakafu. Fundi aokoaye fedha kidogo leo humtwisha mwingine gharama kubwa kesho. Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta.

Isisemwe kwamba nimelaumu bila ya kuonyesha njia. Kila mwanachama aweza kulijaribu tundu lake mwenyewe. Usiku, nyumba ikiwa imefungwa, shika uzi mwembamba wa pamba juu ya tundu, au moshi wa udi. Ukiinama kuja kwako, upepo unaingia. Kisha mwaga ndoo moja ya maji, ungoje kidogo, ujaribu tena. Upepo ukikoma, trapu ipo nawe uliiacha ikauke. Basi mwaga maji mara kwa mara, hata katika bafu lisilotumika, na ukisafiri tia juu yake matone ya mafuta ya kupikia, ambayo huzuia maji yasikauke upesi. Upepo usipokoma, trapu haipo. Na kama ipo lakini kila mara bomba linakoroma unapomwaga maji mengi, ujue maji ya trapu yananyonywa. Hapo dawa yake ni bomba la kupumulia, linalopanda toka bomba la uchafu hata juu ya paa, na kufunikwa wavu kinywani.

Ambaye sakafu yake haiwezi kuvunjwa asikate tamaa. Fundi aweza kuutengeneza mlango wa maji huko nje, mahali bomba linapotokea ukutani, kwa kulipinda kwa viwiko hata maji yabaki ndani, au kwa kuzamisha kinywa cha bomba katika kisanduku cha saruji chenye maji, kisha maji yanayofurika ndiyo yaende migombani. Lakini kisanduku hicho kifunikwe sawasawa, tusije tukafukuza upepo na kufuga mbu.

Sasa nageukia Chama. Mwaka 1922, huko Tanga, Martin Kayamba na wenzake walipoanzisha chama cha watumishi wa Serikali Waafrika, walijua jambo ambalo mtu mmoja mmoja hulisahau: neno la karani mmoja ni malalamiko, lakini neno la makarani wote ni shauri. Mimi nikimwendea mwenye nyumba peke yangu, atacheka. Tukimwendea sote, atatafuta fundi. Na iwapo mtu ataniambia kwamba wakubwa hawashughuliki na mambo madogo ya namna hii, namkumbusha habari za London. Kwa miaka mingi mto Thames ulikuwa umejaa uchafu, na maskini waliokaa kando yake walikufa kwa kipindupindu. Mwaka 1858, wakati wa joto, harufu ilipanda hata ikaingia ndani ya Bunge, na mapazia ya Bunge yakalowekwa katika dawa ili waheshimiwa waweze kupumua. Katika majuma machache sheria ilipitishwa, na fedha za kujenga mifereji mikubwa ya chini zikapatikana. Elimu ilikuwapo tangu kabla, na fedha pia. Kilichokosekana ni harufu kufika pua inayohusika. Kazi ya Chama ni hiyo: kuifikisha.

Kwa hiyo naomba mambo haya yatiwe katika ajenda ya mkutano mkuu ujao. La kwanza, kwamba katika kila hati ya kukabidhiwa nyumba, iwe ya Serikali au ya kupanga, uongezwe mstari mmoja wa kueleza kama tundu la bafu na la jiko yana trapu. La pili, kwamba mwanachama asitie sahihi mpaka amemwaga maji na kuona kwa macho yake. La tatu, kwamba kila tawi liandike orodha ya nyumba zisizo na trapu, bila ya kutaja majina ya wapangaji wasije wakaonewa, na orodha hiyo ipelekwe kwa wanaohusika pamoja na barua ya adabu. La nne, kwamba barua hiyo isipojibiwa, ipelekwe nyingine, na nyingine tena, kwa tarehe na namba, kama tujuavyo sisi makarani. Hapana duniani mtu anayeweza kushindana na karani kwa kuandika barua ya kukumbusha.

Najua wako watakaosema tuna mambo makubwa zaidi: mishahara, kupandishwa vyeo, malipo ya uzeeni. Ni kweli, nami nayataka yote hayo. Lakini mshahara ukiongezwa, mtaupeleka wapi? Nyumbani. Na nyumbani ndiko lilipo tundu. Mtu asiyeweza kudai kikombe cha maji katika bafu lake hataaminiwa atakapodai makubwa, kwa sababu wanaomsikiliza watajua kwamba amezoea kuziba kwa tambara.

Anayeona kwamba nimesema sivyo na anijibu katika toleo lijalo, nami nitamsoma kwa heshima. Ila namwomba, kabla hajashika kalamu, aende kwanza bafuni kwake usiku, na uzi wa pamba mkononi.

Mimi, wenu katika Chama,

Karani wa Rau